Kichaka Ambacho Hatukukiandika

Jumatatu saa nne asubuhi Kaari aligeuza kompyuta yake kuelekea kwangu, akaweka kidole juu ya doa jeusi kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, akaniuliza ni nini hicho. Nilijua ni nini. Nilizaliwa hatua mia mbili kutoka hapo. Nikamwambia ni mawe na miba.

Uongo wangu ulitoka vizuri, bila hata kukohoa. Kaari akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema kesho tutapitia huko tuyaone hayo mawe, kisha akaendelea na faili nyingine. Mimi nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa za mifugo hapa Embu mjini, na kutoka dirishani nilisikia mtu akibishana kuhusu dawa ya kupe. Nilimwonea wivu kwa shida yake ndogo.

Kaari alikuwa mkaguzi. Ametoka Meru, amelelewa mtaa wa Kaaga wenye shule nyingi, na kazi yake ni kutembelea vikundi vya wakulima wa miti na kuamua kama wanastahili cheti cha kutunza misitu vizuri. Sisi tulikuwa wakulima sitini na mmoja. Tuna mukima kwenye mipaka, yaani grevilea, na mikaratusi kwenye miteremko, na kampuni inayonunua nguzo ilikuwa imetuambia kwamba kuanzia mwaka ujao mti usio na cheti haitauangalia hata kwa jicho moja. Kwa miaka miwili nilikuwa nimehesabu miti ya watu, nimechora ramani, nimegombana na wazee mpaka wakang'oa mikaratusi iliyokuwa ikinywa mto. Cheo changu kilikuwa meneja wa kikundi. Maana yake ni kwamba kosa likipatikana, jina lililo chini ya karatasi ni langu: Ednah Ciakuthii.

Lile doa lilikuwa kichaka cha robo ekari katikati ya shamba la baba yangu, Ndambiri. Ndani yake kulikuwa na miti saba ya asili, miringa, mikubwa kuliko yoyote ninayoijua, na chini yake giza na majani yaliyooza tangu enzi za babu wa babu. Zamani wazee walikwenda humo kuomba mvua. Siku hizi hakuna aendaye, lakini vilevile hakuna agusaye. Hakuokotwi kuni humo. Mbuzi akiingia humo hafukuzwi kwa fimbo. Unakaa nje ukimsubiri atoke mwenyewe, hata kama kengele ya kanisa imeshalia. Anayevunja tawi, jambo humfika, yeye au nyumba yake. Hapo kwetu hutapata mtu atakayekwambia kwamba analiamini hilo, na hutapata mtu atakayevunja tawi.

Sasa, fomu ya cheti ina ukurasa unaouliza kama kuna mahali penye thamani ya pekee kwa jamii: chemchemi, makaburi ya kale, mahali pa ibada za jadi. Ukurasa huo nilifundishwa siku nzima, kwa hiyo siwezi kusema sikuelewa. Nilirudi nikawaeleza kamati kwamba huo si mtego. Unapataja mahali, unapachora kwenye ramani, unaandika mnavyopatunza, basi. Nikawaambia kichaka kile kitatupa sifa kuliko miti yote tuliyopanda kwa mikono yetu.

Nyamu, mwenyekiti wetu, ndiye pia husoma matangazo kanisani. Alivua miwani.

"Ednah, hiyo karatasi inaenda mpaka ng'ambo," akasema. "Sasa watu wa ng'ambo wasome ati sisi huku tunaabudu miti?"

Wengine walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja akasema wamishonari walitembea kwa miguu kutuondoa huko, na sisi tunataka kujirudisha kwa kalamu. Nikamgeukia baba, maana shamba ni lake. Baba ni mzee wa kanisa mwaka wa ishirini na mbili huu. Alisema niandike vile kamati imeamua. Basi nikaandika "Hakuna", nikatia sahihi, tukanywa chai. Ningeweza kukataa. Sikuwa na hofu ya kichaka wala ya kanisa. Nilikuwa na uvivu wa kugombana, na uvivu huo umeniharibia mambo mengi maishani kuliko hofu yoyote.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo, Kaari alipoondoka na katibu wetu Gedion kwenda kukagua vitalu vya miche upande wa chini, nilishika pikipiki nikapanda juu kwetu. Njiani nilimpigia Nyamu. Nilipofika, kamati yote isipokuwa Gedion ilikuwa imeshakaa kwenye mabenchi ya kituo cha kununulia majani chai, watu saba wenye nyuso za matanga, baba akiwemo. Hakuna aliyeniuliza habari za mjini.

Walianza kutoa mawazo, na kila wazo lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Mmoja alitaka tumwambie mkaguzi kwamba huko kuna nyuki wakali. Mwingine alisema tumpitishe njia ya bonde ili achoke kabla ya kufika. Wa tatu akashauri mchungaji aje akiombee kichaka, kiwe mahali pa kawaida, na tukimaliza kuomba tuandike kwamba ni mahali pa kawaida. Niliwaambia Kaari ni Mmeru, Kiembu anakisikia neno kwa neno, kwa hiyo wasifikirie hata kunong'onezana mbele yake.

Nyamu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kitu ambacho hakipo hakiulizwi.

Ilichukua muda kidogo kabla hatujaelewa. Alitaka kichaka kikatwe kabla Kaari hajafika. Hakuna aliyesema hapana. Kilichotokea ni kwamba kila mtu ghafla alikuwa na mgongo unaouma, au panga lililoazimwa, au mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Wakristo saba, mmoja wao ana Biblia tatu nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema waziwazi anachoogopa.

Lakini Nyamu alikuwa amelifikiria hilo pia. Huko chini kulikuwa na Muthomi, mtu wa pawa kutoka Kianjai huko Tigania, akipasua mbao kwa msumeno wake wa petroli. Si mtu wa hapa, Nyamu alisema, laana haijui ukoo wake. Walimpigia simu, wakaiweka juu ya mzani wa majani chai ili wote tusikie. Muthomi alisema ana nafasi asubuhi na mapema. Kisha akauliza ni mahali gani. Watu saba walitazama chini.

"Nimeelewa," Muthomi alisema. "Hiyo kazi nafanya, lakini sianzi. Mwenye shamba atie panga la kwanza, mimi nimalizie. Hata kwetu Tigania ni hivyo."

Macho yote yalikwenda kwa baba. Yeye alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nilipandwa na hasira, nikasimama, nikasema hakuna kitakachokatwa, kesho nitamwambia Kaari ukweli.

Nyamu hakupandisha sauti. "Utamwambia ulitia sahihi uongo? Sawa. Na hawa watu sitini na mmoja utawaambia nini?" Akawataja baadhi yao kwa majina ya watoto wao walioko shuleni, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama anayesoma matangazo ya Jumapili.

Nikasema nitafikiria.

Baba alilisikia neno hilo. Aliinua uso akanitazama, akaweka kikombe chini, akaenda nyumbani kwake. Kamati ikavunjika bila maombi, jambo ambalo sijaliona tena wala sikuwa nimeliona kabla.

Mimi hufikiria kwa miguu. Jioni hiyo, niliporudi Embu mjini, nilizunguka mtaa wetu wa Dallas mara nne, mpaka mwenye kibanda cha mboga akaniuliza nimepoteza nini. Nilirudi nyumbani nikapanga vyombo, nikavipangua. Mara tatu niliitoa namba ya Kaari kwenye simu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilishaiona mwisho wake. Kilichobaki kilikuwa kusema maneno kumi kwa mwanamke ambaye hakuwa mkali hata kidogo. Kila mara nilijiambia ni afadhali asubuhi, uso kwa uso, ndiyo heshima.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alinipigia Kagure, mke wa kaka yangu, anayekaa boma moja na baba.

"Ednah, njoo," akasema. "Baba ametoka na panga. Amevaa koti lake la kanisa."

Sikumwuliza amekwenda wapi. Nilitoka na viatu visivyofanana, hilo niliambiwa baadaye, nikapata pikipiki, nikamwambia kijana akimbize. Alikimbiza. Tulipofika kwenye kona ya mwisho niliusikia msumeno, ule mlio wake wa kupanda na kushuka, nikaanza kumgonga kijana mgongoni kana kwamba yeye ndiye pikipiki.

Miringa mitano ilikuwa chini. Mwanga ulikuwa umeingia mahali ambapo sijawahi kuuona mwanga, na majani yale ya kale yalikuwa yakitoa mvuke. Muthomi alikuwa ameinamia wa sita. Nilipiga kelele, lakini kwa mlio ule hata mimi sikujisikia. Nikamkimbilia, na baba akaja akasimama kati yetu. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti. Panga lilikuwa na utomvu.

Tulingoja mti uanguke. Ulianguka polepole, kisha kwa kasi, na ardhi ikaruka chini ya miguu yetu.

"Uliandika hakuna," baba aliniambia Muthomi alipozima injini. "Sasa hakuna. Hakuna mtu atakayemwita mtoto wangu mwongo kwa sababu ya miti."

Nilimwambia ningesema. Nilimwambia nilikuwa nakuja kusema. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, vile mtu anavyomwitikia mlevi. Muthomi akaniangalia, akamwangalia yeye, akavuta kamba ya msumeno na kwenda kwenye mringa wa saba.

Kaari alifika saa tatu, pamoja na Gedion. Kufikia wakati huo habari ilikuwa imeenea na wanachama walikuwa wamesimama pembeni ya shamba, labda thelathini, labda arobaini. Hakuna aliyekanyaga ndani. Nyamu alikuwa mbele, amevaa tai. Kaari alisalimia wazee kwa Kimeru, akavuka majani chai, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kisiki kikubwa. Alichuchumaa. Alikigusa, akasugua vidole.

"Sioni mawe," aliniambia bila kugeuka.

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno baba alikuwa ameshatangulia, kofia mkononi.

"Mawe yako chini, mama. Yamefunikwa na udongo. Hii ilikuwa miti ya mwitu tu na miba. Nimesafisha nipande majani chai."

Baba yangu hadanganyi. Nataka hili lieleweke, maana si sifa ambayo mtoto humpa mzazi wake hivi hivi. Aliwahi kurudi mjini kwa miguu kurudisha sufuria aliyofungiwa dukani kwa makosa. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu aliowakanya kwa miaka ishirini na mbili, na wote walijua, na yeye alijua kwamba wanajua.

Kaari alimwuliza kama palikuwa mahali pa kawaida. Baba akasema pa kawaida. Kaari akaitazama tena miti iliyolala, akaguna, akafungua daftari. Alisema ataandika kosa dogo, kufyeka miti ya asili bila mpango, na tutakuwa na mwaka mzima wa kulirekebisha kwa kupanda upya. Alisema kosa kama hilo halizuii cheti. Nyuma yangu nilisikia watu wakipumua, na mama mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Naweza kukaa kimya, nimeshaonyesha. Lakini nilimtazama baba. Mwiba ulikuwa umemchana kiganja, mkwaruzo mdogo, wa aina ambayo mkulima haoni hata haja ya kuufuta. Yeye alikuwa ameukunjua mkono akiutazama, kwa makini, kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiingoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Aliamini. Miaka yote hiyo ya kushika mkate na divai, aliamini kila kitu kuhusu kichaka kile, na saa kumi na mbili asubuhi alivaa koti lake zuri, akaenda akatia panga la kwanza, kwa ajili ya neno moja nililoandika mimi.

Machozi yalinijia kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Kaari," nikasema, "hapa ni mahali pa wazee. Ni mahali pa maombi ya zamani. Mimi nilijua tangu mwanzo na mimi ndiye niliyeandika hakuna. Jana nilikudanganya. Baba amekata leo asubuhi ili niwe nimeandika kweli."

Kaari alikaa na kalamu yake juu ya karatasi. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Mngekiandika tu," alisema. "Hakuna mtu angewauliza mnamwabudu nani. Nyumbani kwa nyanya yangu kuna kimoja kama hiki, na kiko kwenye ramani yao, na mama yangu ni mhubiri." Alifuta mstari aliokuwa ameuandika. "Hili sasa ni kosa kubwa, Ednah. Mahali pameharibiwa, na karatasi ilikuwa ya uongo. Siwezi kuwapa cheti. Mwaka huu siwezi."

Akaanza kueleza kuhusu rufaa na mpango wa kurudisha miti, na kwamba kikundi kitahitaji meneja mwingine, lakini watu walikuwa wameanza kuondoka. Waliondoka kwa utaratibu, kama wanaotoka mazishini, kila mmoja akipita mbali na kichaka ambacho hakikuwepo tena. Hawakunitukana. Mama mmoja aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto alipita mbele yangu akatazama mlima. Nyamu alisimama kidogo, akalegeza tai, akasema nimewamaliza. Sikubishana naye. Muthomi alikuwa ameshafunga msumeno wake kwenye pikipiki na kwenda zake bila kungoja chai.

Tulipobaki wawili, baba aliangalia huku na huku kama mgeni. Kisha akaingia katikati, mahali ambapo kabla ya asubuhi hiyo hakuwa amekanyaga kwa miaka sabini na moja, akakaa juu ya kisiki kikubwa. Nilimfuata nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka anisamehe. Zaidi ya hapo, na aibu inanishika kuliandika, nilitaka anisifu kwa kusema kweli. Niliushika mkono ule wenye mkwaruzo, nikamwambia halitatokea jambo, nitampeleka kwa daktari, nitanunua kondoo kama wazee wa zamani walivyodai, nitaita mchungaji, nitafanya vyote.

Aliniacha nimalize. Mimi huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake, na tangu utotoni sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa ukali. Hata siku hiyo hakulitamka kwa ukali.

"Mama," aliniuliza, "na jana hukuwa na mdomo?"